Kulinganisha Sabufa na Amplifaya ya Gari: Mwongozo Kamili, Kuanzia Omu Hadi Geni

Sabufa ikiungua, mwenyewe huwa na maelezo mawili tu: ama ilikuwa feki, ama amplifaya ilikuwa na nguvu mno. Nimefungua sabufa nyingi zilizoungua, na ninachokikuta ndani hakiungi mkono maelezo hayo mara kwa mara. Koili ambayo ilikuwa na rangi ya shaba imegeuka nyeusi kama sufuria ya kuni, gundi imechemka ikatoa vipovu, na harufu yake haitoki kwenye buti kwa siku kadhaa. Nikiuliza amplifaya ilikuwa ipi, nyingi huwa ni ndogo kuliko sabufa yenyewe, huku kitufe cha geni (kinachopatanisha volti za redio na za amplifaya) kikiwa kimezungushwa hadi mwisho.

Kosa linalorudiwa ni kununua kwa kulinganisha namba kubwa mbili zilizochapwa kwenye makasha: sabufa imeandikwa wati 1200, amplifaya imeandikwa wati 1200, basi zinaonekana zimepatana. Namba hizo hazisemi lolote la maana. Amplifaya haina wati za aina moja. Ina wati tofauti kwa kila kiwango cha ukinzani inachounganishiwa, na kwa hiyo kazi ya kulinganisha huanza na omu, yaani kipimo cha ukinzani, wati zikafuata baadaye. Ukishika mpangilio huo, hatua zilizobaki hazina ugumu mkubwa.

## Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

Kwanza taarifa, kwa sababu bila hizo vifaa havitakusaidia:

- Wati za RMS za sabufa, idadi ya koili zake, na omu za kila koili.
- Wati za RMS za amplifaya kwa omu 4, omu 2 na omu 1, pamoja na kiwango cha chini kabisa cha omu inachoruhusiwa kubeba.
- Ujazo wa boksi unaopendekezwa na mtengenezaji wa sabufa.
- Uwezo wa alterneta ya gari kwa ampea, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko cha alterneta yenyewe.

Kisha vifaa:

- Multimita ya kidijiti inayopima volti za AC, volti za DC na omu.
- Betri kavu ndogo ya volti 1.5.
- Waya wa umeme wa shaba, waya wa gaundi (wa hasi, unaofungwa kwenye bodi ya gari) wa unene uleule, waya wa spika, waya wa RCA (unaopeleka sauti kutoka redioni hadi amplifaya) na waya mwembamba wa rimoti.
- Fyuzi kuu na kishikio chake, vichwa vya waya vya kubana, na koleo la kuvibania.
- Msasa au brashi ya chuma, spana, bisibisi, na mipira ya kupitishia waya kwenye matundu ya bati.
- Faili la sauti ya majaribio ya hezi 50, lililorekodiwa kwa kiwango cha desibeli 0.

Multimita ndicho kifaa ambacho watu hukiruka ili kupunguza gharama, na ndicho kinachotenganisha kupima na kubahatisha. Ya bei ndogo inatosha.

## Hatua ya 1: Isome sabufa

Tafuta neno RMS kwenye kijitabu cha sabufa au kwenye kibandiko kilicho nyuma ya sumaku. RMS ni nguvu ambayo koili inaweza kuipokea kwa mfululizo bila kuungua. Namba iliyoandikwa MAX au PEAK ni ya mshtuko wa muda mfupi sana, na watengenezaji wengine huikuza watakavyo. Ifute kabisa kwenye mahesabu yako.

Baada ya hapo hesabu koili. Sabufa yenye teminali mbili, moja chanya na moja hasi, ina koili moja. Yenye teminali nne ina koili mbili, na kila koili ina omu zake. Maandishi kama "4+4" au "DVC 4" yana maana ya koili mbili za omu 4 kila moja. Hayana maana ya omu 8, wala ya omu 4 kwa sabufa nzima.

Thibitisha kwa multimita huku sabufa ikiwa haijaungwa popote. Gusanisha kwanza ncha mbili za multimita zenyewe kwa zenyewe, usome ukinzani wa nyaya zake, kisha utoe kiasi hicho kwenye kila kipimo. Koili ya omu 4 kwa kawaida itasoma kati ya 3.2 na 3.8, na ya omu 2 itasoma kati ya 1.6 na 1.9. Kipimo kuwa chini kidogo ya namba iliyoandikwa si hitilafu: multimita inapima ukinzani wa umeme mnyoofu, ilhali omu za kwenye kibandiko zinahusu umeme wa sauti unaobadilika-badilika.

*Tahadhari:* Ikiwa koili mbili za sabufa moja zinasoma tofauti kubwa, kwa mfano 3.5 na 2.1, moja imeshapata shoti ndani. Ikiwa moja haisomi kabisa, imekatika. Sabufa ya namna hiyo usiiunganishe na amplifaya yoyote, hata kama inalia.

Ibonyeze pia koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukiisukuma sawasawa pande zote. Inapaswa kuingia na kurudi kimyakimya. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili imepinda au imeungua.

*Umefanikiwa* ukiwa na sentensi moja iliyoandikwa kwenye karatasi, mfano: "Sabufa mbili, kila moja RMS 300, koili mbili za omu 4." Mfano huu nitautumia hadi mwisho.

## Hatua ya 2: Amua utaunganisha koili kwa njia gani

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nenda polepole.

Kuna njia mbili za kuunganisha koili. Katika mfuatano, hasi ya koili ya kwanza inaungwa na chanya ya koili ya pili, na omu zinajumlishwa: 4 na 4 zinakuwa 8. Katika sambamba, chanya zote zinaungwa pamoja na hasi zote pamoja, na kwa koili zinazolingana omu zinagawanywa kwa idadi ya koili: 4 kwa koili mbili ni 2, na 4 kwa koili nne ni 1.

Kutokana na kanuni hizo mbili unapata yafuatayo:

| Sabufa ulizonazo | Omu unazoweza kupata |
|---|---|
| Moja, koili moja ya omu 4 | 4 |
| Moja, koili mbili za omu 4 | 2 au 8 |
| Moja, koili mbili za omu 2 | 1 au 4 |
| Mbili, koili moja ya omu 4 kila moja | 2 au 8 |
| Mbili, koili mbili za omu 4 kila moja | 1, 4 au 16 |
| Mbili, koili mbili za omu 2 kila moja | 0.5, 2 au 8 |

Tazama mstari wa tano kwa makini. Mtu mwenye amplifaya inayoishia omu 2 akinunua sabufa mbili za koili mbili za omu 4, hakuna njia yoyote ya kupata omu 2. Atachagua kati ya omu 1, ambayo amplifaya yake haiwezi kuibeba, na omu 4, ambayo kwa amplifaya nyingi hutoa kama nusu tu ya nguvu aliyoilipia. Angenunua sabufa zilezile katika toleo la koili za omu 2, angepata omu 2 barabara. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba omu ziamuliwe kabla ya fedha kutoka mfukoni: sabufa ya jina moja na ukubwa mmoja mara nyingi huuzwa katika matoleo mawili, na muuzaji hukupa lililopo rafuni.

Nimewahi kuletewa amplifaya iliyokuwa inajizima kila baada ya nyimbo mbili. Ilikuwa ya kiwango cha chini cha omu 2. Niliponyofoa waya wa spika na kuupima, multimita ilisoma 0.9. Mwenyewe alikuwa ameunganisha koili nne zote sambamba kwa sababu, kwa maneno yake, "zilikuwa zinapiga zaidi". Ni kweli zilikuwa zinapiga zaidi, kwa dakika nane.

Kwa nini omu chache huongeza nguvu? Amplifaya inasukuma volti. Ukinzani ukipungua, mkondo unaopita huongezeka, na wati huongezeka pamoja nao. Lakini mkondo huohuo ndio unaochemsha transista za ndani, na mtengenezaji alipoandika "chini kabisa omu 2" alikuwa anasema transista zake zinaishia hapo.

*Tahadhari:*

- Usichanganye sabufa zenye RMS, omu au ukubwa tofauti kwenye amplifaya moja. Nguvu haitagawanyika sawa, na ile dhaifu itatangulia kuungua.
- Usitumie koili moja tu ya sabufa yenye koili mbili ukidhani umetatua tatizo la omu. Koili moja hubeba takriban nusu tu ya RMS ya sabufa nzima.
- Sabufa tatu huleta omu za ajabu kama 1.33 au 2.67. Inawezekana kuishi nazo, lakini kama bado hujanunua, nunua mbili au nne.

Ukishaunganisha, pima omu kwenye ncha za waya zitakazoingia kwenye amplifaya. *Umefanikiwa* ikiwa kipimo kiko chini kidogo ya namba uliyoikusudia: karibu 0.8 hadi 0.95 kwa omu 1, au karibu 3.2 hadi 3.8 kwa omu 4.

## Hatua ya 3: Tafuta amplifaya inayotoa RMS hiyo kwa omu hizo

Sabufa zetu mbili za mfano zinahitaji jumla ya wati 600 za RMS. Tukiziunganisha kwa omu 1, tunatafuta amplifaya ya chaneli moja inayotoa takriban wati 600 za RMS *kwa omu 1*. Tukizipeleka omu 4, tunatafuta inayotoa wati 600 kwa omu 4, ambayo kwa kawaida huwa kubwa na ghali zaidi. Mimi huchagua omu 1 pale amplifaya imeruhusiwa waziwazi na mtengenezaji, na omu 4 pale gari lina umeme dhaifu, kwa sababu kwa nguvu ileile amplifaya hupoteza umeme zaidi kama joto inapofanya kazi kwenye omu ndogo.

Kiwango kinachokubalika ni kati ya asilimia 75 na asilimia 150 ya RMS ya sabufa. Kwa wati 600, hiyo ni amplifaya ya kuanzia wati 450 hadi wati 900. Kati ya ncha hizo mbili, ninapendelea ya juu kidogo kuliko ya chini. Amplifaya ya wati 750 iliyowekewa geni kwa utulivu huleta wimbi safi. Ya wati 250 inayolazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake huyakata mawimbi vichwa, yakawa bapa juu na chini. Wimbi lililokatwa hadi kuwa mraba hubeba wastani wa nguvu mara mbili ya wimbi laini lenye kilele kilekile, na nguvu hiyo ya ziada huishia kuwa joto ndani ya koili.

### Jinsi ya kutambua wati za uongo

Tafuta alama ya CEA-2006, ambayo siku hizi huandikwa CTA-2006. Amplifaya yenye alama hiyo imepimwa kwa volti 14.4, kwa omu 4, na kwa mvurugiko wa sauti usiozidi asilimia 1, kwa hiyo namba zake zinaweza kulinganishwa na za amplifaya nyingine yenye alama hiyohiyo.

Kama haina alama, tazama fyuzi zilizochomekwa ubavuni. Jumlisha ampea zake, zidisha kwa 14.4, kisha zidisha kwa 0.8 ikiwa amplifaya ni ya daraja la D (saketi isiyopoteza umeme mwingi), au kwa 0.5 ikiwa ni ya daraja la AB (inayopoteza zaidi). Amplifaya ya daraja la D yenye fyuzi mbili za ampea 20 hutoa:

40 × 14.4 × 0.8 = wati 460, takriban.

Ikiwa kasha linasema wati 3000, umeshajua unaongea na nani. Amplifaya kubwa wakati mwingine hazina fyuzi zake zenyewe. Kwa hizo, soma ukubwa wa fyuzi unaopendekezwa kwenye kijitabu.

### Kama amplifaya ni ya chaneli mbili au nne

Chaneli mbili zinaweza kuunganishwa ziendeshe sabufa moja, jambo ambalo mafundi huliita kubriji. Inafaa, lakini kumbuka kwamba katika hali hiyo kila chaneli inahisi nusu ya omu ulizounganisha. Sabufa ya omu 4 huonekana kwa kila chaneli kama omu 2. Ndiyo sababu amplifaya nyingi zinazobeba omu 2 kwa kila chaneli huishia omu 4 zikibrijiwa. Usiziunganishie omu 2.

*Umefanikiwa* ukiwa na mstari mmoja wa kwenye kijitabu unaosema wazi: wati za RMS ngapi, kwa omu ngapi, na omu hizo ni zilezile ulizopima katika hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Hakikisha gari linaweza kuilisha

Amplifaya haitengenezi nguvu. Inaipokea kutoka kwenye betri na alterneta. Kwa wati 600 za amplifaya ya daraja la D yenye ufanisi wa asilimia 80, gari linatakiwa kutoa wati 750, na kwa volti 13.8 hizo ni karibu ampea 54 katika kilele. Muziki hauko kileleni muda wote, kwa hiyo wastani huwa chini sana ya hapo. Hata hivyo, waya na fyuzi lazima vihimili kilele.

Kwa umbali wa takriban mita 5 kutoka betri hadi buti, waya wa shaba tupu hubeba hivi:

- Geji 8, takriban milimita za mraba 8: hadi ampea 50 hivi.
- Geji 4, takriban milimita za mraba 21: hadi ampea 125 hivi.
- Geji 0, takriban milimita za mraba 53: hadi ampea 250 na zaidi kidogo.

Kwa mfano wetu, mita 5 za geji 8 zingepoteza zaidi ya nusu volti kwa ampea 54. Geji 4 ingepoteza kama volti 0.2. Ninachukua geji 4 bila kufikiri mara mbili.

Angalia pia waya umetengenezwa na nini. Waya mwingi wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu, nao hupitisha umeme kwa kiasi cha theluthi mbili tu ya shaba kamili. Ukikwangua uzi mmoja kwa wembe ukaona weupe ndani, ndio huo. Ukilazimika kuutumia, chukua ulio mnene zaidi kwa geji moja.

Fyuzi kuu iwekwe ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Fyuzi hii inalinda waya, wala si amplifaya: waya ukichubuka popote kati ya boneti na buti ukagusa bati, fyuzi iliyo karibu na betri hukata, iliyo karibu na amplifaya itakaa salama huku waya ukiwaka moto. Ukubwa wake usizidi kile ambacho waya unaweza kubeba. Kwa mfano wetu, fyuzi ya ampea 60 au 80 kwenye geji 4 inatosha.

Alterneta za magari madogo hutoa takriban kati ya ampea 60 na 120, na gari lenyewe linahitaji sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa taa, pampu ya mafuta na feni. Hadi wati 600 za daraja la D, magari mengi huvumilia. Ukipita hapo, anza kwa kuongeza unene wa nyaya tatu: kutoka alterneta hadi chanya ya betri, kutoka hasi ya betri hadi bodi, na kutoka injini hadi bodi. Kapasita kubwa inayouzwa kama dawa ya taa zinazofifia haiongezi umeme wowote. Huhifadhi kidogo na kukitoa haraka, basi. Alterneta ikiwa imezidiwa, kapasita nayo itazidiwa.

## Hatua ya 5: Boksi

Sitakaa sana hapa, kwa sababu kijitabu cha sabufa hutoa ujazo unaofaa na kazi yako ni kuufuata. Jambo la kujua ni kwamba boksi hubadilisha nguvu ambayo sabufa inaweza kuihimili. Boksi lililofungwa huishikilia koni kwa hewa iliyo ndani. Boksi lenye tundu hutoa besi nyingi zaidi kwa wati zilezile, lakini chini ya masafa ambayo tundu limetengenezewa, koni hubaki bila cha kuizuia na inaweza kujirusha hadi kuchanika hata ikiwa wati hazijafika RMS. Ukiwa na boksi la tundu, andika masafa yake. Utayahitaji katika hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Funga nyaya

1. Ondoa waya wa hasi kwenye betri. Ni hatua ya sekunde kumi inayozuia cheche, na shoti moja inatosha kuharibu kompyuta ya gari.
2. Pitisha waya mkuu wa umeme kutoka betri hadi buti ukiwa na mpira wa kinga kila mahali unapopita kwenye tundu la bati. Fyuzi isiwekwe bado.
3. Pitisha waya wa RCA upande wa pili wa gari. Ukiubana pamoja na waya wa umeme, utasikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta.
4. Funga gaundi. Chagua bati nene la bodi lililo karibu, waya usizidi sentimita 50, na ukwangue rangi hadi chuma king'ae. Bolti ya mkanda wa usalama usiiguse. Gaundi mbovu ndiyo chanzo cha zaidi ya nusu ya amplifaya "mbovu" ninazoletewa.
5. Unganisha waya wa rimoti kutoka redioni. Huu ndio unaoiwasha na kuizima amplifaya. Ukiuunga na umeme wa moja kwa moja, asubuhi utakuta betri imekufa.
6. Kabla ya kuunga nyaya za spika kwenye amplifaya, gusisha betri kavu ya volti 1.5 kwenye ncha zake kwa sekunde moja, chanya kwa chanya. Koni zote zitoke nje kwa pamoja. Moja ikiingia ndani, imeungwa kinyume, na sabufa mbili zitakuwa zinafutana besi.
7. Rudisha hasi ya betri, kisha weka fyuzi mwisho.

*Umefanikiwa* ukiwasha redio na taa ya amplifaya ikawaka rangi ya kawaida, bila taa ya PROTECT. Pima pia kati ya teminali ya gaundi ya amplifaya na hasi ya betri: kipimo kikizidi nusu omu baada ya kutoa ukinzani wa nyaya za multimita, rudi kwenye bolti ya gaundi.

## Hatua ya 7: Weka geni

Geni si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kupatanisha volti zinazotoka redioni na volti ambazo amplifaya inazitegemea, ili redio ikifika kiwango chake cha juu, amplifaya iwe imefika kwenye wati ulizozikusudia na isivuke hapo.

Kwanza tafuta volti unazozilenga. Zidisha wati kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tumia wati ndogo kati ya RMS ya sabufa na RMS ya amplifaya.

- Wati 600 kwa omu 1: volti 24.5.
- Wati 600 kwa omu 4: volti 49.
- Wati 500 kwa omu 2: volti 31.6.
- Wati 300 kwa omu 4: volti 34.6.

Kisha fuata mpangilio huu:

1. Nyofoa nyaya za sabufa kwenye amplifaya.
2. Zima ongezeko lolote la besi redioni na kwenye amplifaya, na uweke ekwalaiza sufuri.
3. Zungusha geni hadi chini kabisa.
4. Washa injini. Fanya hivi mahali pa wazi, kamwe usifanye ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na harufu.
5. Cheza sauti ya hezi 50 na uweke redio kwenye robo tatu ya sauti yake.
6. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha zake kwenye teminali za spika za amplifaya.
7. Panda na geni polepole sana hadi usome volti ulizolenga, kisha urudi nyuma kidogo.

Kurudi nyuma kidogo kuna sababu yake. Unapima bila mzigo, na amplifaya isiyo na mzigo hufikisha volti ambazo haitaweza kuzifikisha ikiwa inaendesha sabufa na umeme wa gari umeshuka. Ikiwa amplifaya yako ina RMS inayolingana kabisa na ya sabufa, punguza volti kwa asilimia 5 hadi 10.

*Tahadhari:* Baada ya kuweka geni, usiguse tena ongezeko la besi. Desibeli 3 za ziada zinadai wati mara mbili, na desibeli 6 zinadai wati mara nne. Ile wati 600 uliyoihesabu kwa uangalifu inageuka kuwa madai ya wati 2400.

## Hatua ya 8: Vichujio na mwelekeo wa mawimbi

Weka kichujio cha LPF, kinachopitisha besi na kuzuia sauti za juu, kwenye hezi 80 kama mwanzo. Kikiwa juu mno, sabufa itaanza kutoa sauti za waimbaji kutoka kwenye buti. Chuja sehemu moja tu, redioni au kwenye amplifaya. Vichujio viwili vikifanya kazi pamoja hukata kuliko ulivyotaka.

Kwa boksi la tundu, washa kichujio cha SUBSONIC, kinachozuia masafa ya chini mno, na ukiweke hezi chache chini ya masafa ya boksi. Boksi la hezi 35 linapewa hezi 28 hadi 30.

Kwa mwelekeo wa mawimbi, kaa kwenye kiti cha dereva, cheza wimbo wenye besi gita inayotembea, na umwombe mtu abadilishe kitufe cha PHASE kati ya 0 na 180. Upande unaotoa besi nene zaidi pale kitini ndio sahihi, hata kama ukisimama nyuma ya gari unasikia vingine.

## Hatua ya 9: Jaribio la nusu saa

Rudisha nyaya za sabufa na ucheze muziki uuzoeao kwa sauti ya juu kwa dakika 30, injini ikiwa inawaka. Wakati huo angalia mambo manne.

Volti kwenye teminali za amplifaya zikishuka chini ya 12 kila besi inapopiga, umeme hautoshi au kuna kiungo kilicholegea. Gusa kishikio cha fyuzi: kikiwa cha moto kuliko waya wenyewe, kichwa cha waya hakijabanwa vizuri. Weka kiganja juu ya amplifaya. Joto ni sawa, lakini kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde tano, ama omu ziko chini mno, ama hewa haipiti. Na ukisikia harufu kama ya plastiki iliyokaribia moto ikitoka kwenye boksi, punguza sauti papo hapo, uache muziki ucheze kwa sauti ndogo ili mwendo wa koni uipoze koili, kisha urudie hatua ya 7.

Kaza tena bolti ya gaundi na vichwa vya betri baada ya wiki mbili, kwa kuwa mtikisiko wa gari huvilegeza. Mwisho, chukua kalamu ya wino usiofutika uchore mstari mwembamba kuanzia kwenye kitufe cha geni hadi kwenye bati la amplifaya. Siku mstari huo ukikutwa umekatika katikati, mtu amekizungusha.